Kioo cha Mgongoni

Mugeta, Bunda
4 Machi 2024

Ndugu Chrispin,

Yah: Kompyuta yenye vioo viwili

Hatujaonana. Jina lako nimelikuta chini ya ukurasa wa maelezo ya Kipimo, ile programu huria ya kuchora ramani, ambako umetajwa kuwa mmoja wa waandaaji wake na mkazi wa Makoko, Musoma. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu barua pepe zangu mbili za Januari hazikujibiwa, na kwa sababu dereva wa basi la Musoma ni mtu ninayemfahamu.

Mimi ni katibu wa kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji chetu. Mwaka huu tunaandaa mpango wa ardhi, na jambo lililotukwamisha ni njia ya ng'ombe ya kwenda lambo, yaani bwawa la kunyweshea mifugo. Njia hiyo ilizunguka kilima chetu tangu zamani. Leo imemezwa na mashamba ya pamba, na anayeikumbuka kona kwa kona amebaki mzee mmoja. Mkutano Mkuu wa kijiji utaketi tarehe 29 Juni kuipitisha ramani. Kitakachochorwa ndicho kitakachowekewa vigingi.

Mtafiti mmoja aliyepita hapa alituachia kompyuta mpakato ya namna yake. Ina kioo ndani kama kompyuta zote, na ina kioo cha pili mgongoni mwa mfuniko, kinachomtazama mtu aliyekaa mkabala. Kioo hicho hukubali kuguswa kwa kidole. Programu nyingine hukitumia. Kipimo haikioni, na kinabaki cheusi. Naomba mkiwezeshe, ili mimi nikae upande wangu, mzee akae upande wake, aguse mahali njia ilipopita, na alama itokee kwangu.

Wako katika kazi,
Consolata


Makoko, Musoma
9 Machi 2024

Ndugu Consolata,

Barua yako imefika, imekunjwa mara nne na inanuka dagaa, kwa hiyo naamini kweli imekuja na basi. Radhi kwa zile za Januari. Najibu kwa karatasi ili nisishindwe adabu mara mbili.

Niseme ukweli. Kompyuta ya aina hiyo ilitengenezwa kwa muda mfupi, kisha watengenezaji wakaiacha. Mimi mwenyewe sijui mtu mwingine anayeitumia. Sisi waandaaji tunafanya kazi hii kwa kujitolea, na kila sehemu tunayoiongeza kwenye programu ni mdomo mpya wa kulisha: lazima itunzwe miaka yote, hata kama mtumiaji wake ni mmoja.

Kuna njia rahisi zaidi. Kaa kando ya mzee huyo, mtazame wote kioo cha ndani, yeye aonyeshe, wewe uchore. Hivyo ndivyo wanavyofanya kijijini Suguti, na ramani yao ni safi.

Wako,
Chrispin


Mugeta, Bunda
15 Machi 2024

Ndugu Chrispin,

Ushauri wako ni mzuri, na ungefaa kijiji kingine au katibu mwingine. Mimi sitakaa kando ya mzee huyu, wala yeye hatakaa kando yangu. Hakuna ugomvi. Naomba ulipokee jambo hili kama mkulima anavyoipokea mvua: halijadiliwi, linapangiwa.

Kamati imetafuta mtu mwingine wa kukaa naye. Mwenyekiti haijui kompyuta. Wajumbe wengine wana mashamba njiani, na mzee hamwamini mwenye shamba. Nimebaki mimi. Bila kioo cha mgongoni njia haitachorwa, na isipochorwa kabla ya tarehe 29 Juni, itakuwa haijawahi kuwepo.

Mdomo mpya wa kulisha naufahamu. Ninao wawili nyumbani.

Consolata


Makoko, Musoma
6 Aprili 2024

Ndugu Consolata,

Umeshinda. Nimetumia Jumamosi tatu. Toleo jipya liko mtandaoni. Lishushe ukifika Bunda mjini. Kioo cha mgongoni kitamwonyesha mzee kilima na lambo, naye atagusa. Alama zitaonekana upande wako pekee. Kuzionyesha pande zote mbili ni kazi nyingine, nami nimeichoka hii.

Sehemu hii imejaribiwa, na imekubaliwa kuingia kwenye programu.

Wako,
Chrispin


Mugeta, Bunda
20 Aprili 2024

Ndugu Chrispin,

Napenda kukujulisha kwamba kazi imefanyika Jumatano, tarehe 17. Mpima wa halmashauri alitaka alama zimfikie kabla ya Ijumaa, kwa hiyo hatukuweza kusubiri Jumamosi, siku ambayo huwapo mtu wa kutufikishia maneno.

Mzee alikaa kwenye kigoda chake kibarazani. Mimi nilikaa kwenye mkeka, na kompyuta ilikuwa juu ya sanduku kati yetu, mfuniko umesimama wima. Sikumwona uso, naye hakuniona. Hatukusemezana neno. Aligusa mara kumi na saba, na baada ya kila mguso alikohoa kidogo, nami nikajua nihifadhi. Alipomaliza aliinuka, akaweka dole gumba kwenye fomu ya uthibitisho iliyoachwa kando ya kigoda, akaenda kwa ng'ombe wake.

Ramani ya awali itabandikwa ofisi ya kijiji mwezi ujao. Kamati inakushukuru. Mimi nakushukuru kwa sababu zangu.

Consolata


Mugeta, Bunda
18 Mei 2024

Ndugu Chrispin,

Ramani imebandikwa, na kijiji hakina amani.

Njia imechorwa mashariki ya kilima, katikati ya shamba la Stellah, mjane mwenye ekari tatu za pamba inayoanza kupasuka. Magharibi ya kilima, ambako wengi walidhani njia ilipita ingawa hakuna awezaye kuapa, ni shamba la mzee mwenyewe. Halikuguswa hata mstari mmoja. Watu wamejumlisha wenyewe.

Stellah alikuja kwangu, hakukubali hata kukaa. "Dada Consolata, mimi ramani siijui. Najua pamba. Huo mstari wenu unanikata katikati kama samaki, halafu shamba la huyo mzee limebaki zima kama yai. Ungekuwa wewe ni mimi, ungesemaje?"

Jumapili, lambo likiwa limejaa watu, Makoye, ambaye ana ng'ombe wengi na ulimi mrefu kuliko mikia yao, alimkabili mzee mbele ya wote: "Shikamoo, mzee. Hivi hiyo njia ilihamaga lini? Mbona haikutuaga?" Wakacheka mpaka wachungaji. Mzee aliitikia shikamoo, akawakusanya ng'ombe wake, akaondoka kabla hawajashiba maji. Tangu siku hiyo anawanywesha mbali, kwenye kijito, na kibarazani hakai tena.

Hajitetei. Wamemwuliza ofisini, akajibu, "Dole gumba si langu? Basi."

Nakuuliza jambo moja, na naomba jibu la ndiyo au hapana. Je, inawezekana alama ziliingia mahali ambapo mzee hakugusa?

Consolata


Makoko, Musoma
21 Mei 2024

Ndugu Consolata,

Hapana. Sehemu hiyo imejaribiwa.

Niongeze kwa nia njema: nimechora ramani za vijiji vingi, na nimeona kwamba kumbukumbu ya mtu hupinda inapokaribia shamba lake. Si lazima awe mwongo. Ni binadamu.

Chrispin


Butiama
29 Mei 2024

Ndugu Chrispin,

Hunifahamu. Naitwa Robert, ni mwalimu wa hisabati hapa Butiama, na ni mume wa Consolata. Barua zenu nimezisoma zote kwa idhini yake. Ile yako ya tarehe 21 aliisoma, akaikunja, akanipa, akaenda kuteka maji ambayo tayari yalikuwepo.

Kuna jambo hakukuambia, kwa kuwa si lake kulitamka. Mzee huyo ni baba yangu mzazi, Mhoja. Kwa maana hiyo ni mkwe wake. Nyumbani kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, hawatajani majina, na maneno yao hupita kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni mimi, nami hufika nyumbani Jumamosi. Sasa unaelewa kwa nini kompyuta ile ilikuwa baraka. Mfuniko wake ulikuwa pazia, na pazia hilo lilikuwa linaandika.

Jumamosi iliyopita nilimwuliza mke wangu anafikiri nini. Akasema, "Baba alisahau, au aliionea huruma pamba yetu. Nikisema hadharani nitakuwa nimemvua nguo. Sitasema."

Nikatoka, nikamkuta baba zizini. Hata sikuuliza. Akasema, "Mke wako anatupenda sana. Ameisogeza njia ili watoto wenu wasikose shamba. Mimi nimenyamaza, matusi nimeyazoea. Ila mwambie, asirudiage."

Ndugu yangu, hiyo ni nyumba moja. Kila mmoja amebeba kosa ambalo anadhani ni la mwenzake, na kwa kuwa hawasemezani, wangelibeba mpaka kaburini. Nimekaa na hesabu hii siku nne. Ikiwa yeye alichora alichokiona, na baba aligusa alichokikumbuka, basi jibu lisilo sahihi limetoka kwa wa tatu.

Uliandika kwamba imejaribiwa. Nauliza kwa heshima: ilijaribiwa kwenye kompyuta ya namna gani?

Nitakuwa na kompyuta yenyewe hapa Butiama kuanzia tarehe 5 Juni.

Robert


Makoko, Musoma
8 Juni 2024

Dada Consolata,

Nilikwenda Butiama. Mwalimu alinipokea, hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekunywa chai. Kisha akaiweka kompyuta mezani, akakaa upande wako, mimi nikakaa upande wa mzee. Niligusa kushoto mwa kilima. Mwalimu akasema, "Kulia." Nikagusa tena. "Kulia." Mara ya tatu akanigeuzia kompyuta nijionee.

Maelezo yake ni mafupi. Kioo cha mgongoni kimefungwa kwa kupeana mgongo na cha ndani, na hesabu yake ya mahali huanzia pale ambapo hesabu ya kile cha ndani huishia. Mimi nilidhani vinahesabu sawa. Kwa hiyo kila mguso wa magharibi uliandikwa mashariki. Kilima na lambo vilikuwa katikati ya ramani, na kitu cha katikati hakibadiliki ukikigeuza. Ndiyo maana mwanzo wa njia na mwisho wake vilionekana sawa, na hakuna aliyeshtuka.

Sikuwahi kuigusa kompyuta ya aina hiyo kabla ya juzi. Neno "imejaribiwa" niliandika kwa sababu fomu ya mradi haipokei badiliko bila neno hilo, na kwa sababu niliamini mtumiaji mmoja hawezi kuleta madhara makubwa. Nililiandika mara tatu. Mara ya tatu niliongeza mafunzo juu ya binadamu.

Alama zote kumi na saba zimehifadhiwa kama zilivyoandikwa. Nimezigeuza na kuziweka juu ya picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani. Zimelala juu ya mstari mweupe wa udongo uliokanyagwa, kumi na sita barabara, na moja imekosea kwa hatua chache. Mkwe wako hakusahau kitu. Lakini ujue unachokipokea: mstari huo unapita katikati ya pamba yenu.

Toleo lililosahihishwa liko tayari, na safari hii alama zinaonekana pande zote mbili. Naambatanisha barua kwa Mkutano Mkuu. Isomwe yote, usiipunguze.

Jambo la mwisho. Wenzangu wamependekeza sehemu hii iondolewe kabisa kwenye Kipimo. Wanasema ina mtumiaji mmoja duniani, na huyo mmoja tumemdhuru. Kura itapigwa tarehe 10 Julai. Sina hoja ya kuwajibu.

Chrispin


Makoko, Musoma
8 Juni 2024

Kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji
(isomwe kwa sauti)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ndugu wananchi,

Sistahili kusimama mbele yenu, na ndiyo sababu nimeituma karatasi isimame badala yangu. Wengi wenu hamnijui. Mimi ndiye niliyetengeneza sehemu ya programu iliyochora njia ya ng'ombe mnayogombania.

Mmeiona ramani, mkaona imemwacha mwenye nguvu na kumkata mjane. Mkauliza nani ameipinda. Ni swali la haki, na kijiji kisichouliza swali hilo kitaibiwa mchana. Ila mlikwenda kulitafuta jibu nyumbani kwa mzee Mhoja, kumbe jibu lilikuwa Makoko, mezani kwangu.

Mzee Mhoja aligusa magharibi. Mashine ikaandika mashariki, kwa kuwa mimi niliifundisha vibaya. Nilisema nimeijaribu, na sikuwa nimeijaribu. Katibu wenu alichora kwa uaminifu kile alicholetewa. Kati ya watu watatu walioshika kazi hii, wawili walisema kweli kwa ukamilifu, na mmoja alisema uongo. Na aliyesema uongo ndiye pekee ambaye hakuna aliyemshuku, kwa sababu alikuwa na cheo cha fundi na alikuwa mbali.

Naomba mlitazame jambo moja kabla ya kupiga kura. Alama sahihi zinapita kwenye pamba ya mzee mwenyewe. Alizigusa zote, moja baada ya nyingine, akijua zinapita wapi. Mtu aliyeitwa mwizi wa njia ndiye aliyekuwa ameitoa.

Mama Stellah, nimekunyima usingizi kwa mwezi mzima. Nakuomba radhi. Ndugu Makoye, nimesikia uliuliza njia ilihama lini. Ilihama tarehe 17 Aprili, nami ndiye niliyeihamisha.

Chrispin


Mugeta, Bunda
30 Juni 2024

Ndugu Chrispin,

Taarifa fupi.

Tarehe 15 tulirudia kazi kwa toleo jipya, kigoda kilekile, mkeka uleule. Robert alikuwepo, lakini alikaa pembeni na hakuhitajika. Mzee aligusa mara kumi na saba, safari hii akiiona kila alama kwenye kioo chake. Baada ya ile ya mwisho hakukohoa. Palikuwa na kuku anapita kibarazani. Akamwambia kuku, "Mwambie aliye upande wa pili, nimeiona. Na mwambie mimi nilikuwa nimemdhania vibaya." Nikasubiri kuku afike upande wangu, nikamjibu kwamba hata huku tulikuwa tumedhania vibaya, na kwamba tunaomba radhi. Robert aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hadi leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka.

Jana barua yako imesomwa yote. Ilipofika kwenye jina la Makoye, mkutano mzima ulimgeukia. Akasimama, akavua kofia: "Shikamoo, mzee." Mzee akaitikia, "Marahaba. Na ng'ombe zako zisinikanyagie mistari ya pembeni." Stellah alitoka alipokuwa, akaja kukaa karibu nami, akabaki hapo hadi mwisho.

Ramani imepitishwa. Vigingi vinaanza wiki ijayo, magharibi ya kilima. Tunavuna haraka kabla havijafika.

Dhana niliyokuwa nayo juu ya mkwe wangu hukuniwekea wewe. Ilikuwepo, wewe uliipa mahali pa kukaa. Kwa hiyo usiibebe yote.

Consolata


Mugeta
3 Julai 2024

Mtoto wangu Chrispin,

Naandikiwa na binti yangu Gati. Mwandiko ukiwa mbaya ni wake, maneno yakiwa mabaya ni yangu.

Barua yako nimeisikia. Mtu kukiri mbele ya kijiji ambacho hakijui hata sura yake, si kitu kidogo. Yamekwisha. Usirudie tena kunitajataja.

Vigingi vimefika. Pamba nimepungukiwa mistari arobaini. Ng'ombe wanapita, wa Makoye ndio walitangulia, na asante hawasemagi. Nimerudi lambo kwangu. Pale nilikuwaga nakaa tangu sijaoa.

Sasa la maana. Robert ameniambia wenzako wanataka kukifunga hicho kioo cha huku kwangu. Nikamwuliza sababu. Anasema wamehesabu, wameona anayekitumia ni mtu mmoja tu dunia nzima, yaani mke wake.

Mimi kura zenu sizijui. Ila zizi nimeanza kulihesabu kabla baba yako hajazaliwa, na najua mtu akihesabu amesimama upande mmoja wa ng'ombe anakosea. Mkwe wangu hana siku anakaa mbele ya hicho kioo peke yake. Angekuwa peke yake angekihitajia nini?

Waambie warudie kuhesabu. Tuko wawili.

Mhoja
(dole gumba)